Mwanafunzi wa Jioni

Jua lilikuwa linazama Ibrahimu alipoingia wodini na chupa ya uji. Amna, binti yake, ndiye aliyeupika kwa shangazi yake, mtaa wa Soweto. Mkewe, Ruwaida, alikuwa ameletwa Mbeya kutoka Mafinga, moyo umevimba. Huku kwenye hospitali ya kufundishia ndiko kwenye madaktari bingwa.

Mabingwa walitembea na wanafunzi nyuma yao kama vifaranga. Kila mwanafunzi aliomba ruhusa kwanza. Ruwaida akichoka kujibu, Ibrahimu alimjibia.

"Jifunze, mwanangu. Kesho utatibu wengine."

"Utanimaliza kwa ukarimu, Baba Amna," Ruwaida alimtania. "Kifua changu kimekuwa ubao wa shule!"

Jioni hiyo Ibrahimu alikuta kijana amesimama kando ya kitanda. Koti jeupe. Limelowa, na nje hakukuwa na mvua.

"Naomba ruhusa nimsikilize moyo."

Hakuwa na kipimo cha kusikilizia shingoni. Ruwaida alitikisa kichwa, taratibu... Ibrahimu alidhani ni uchovu. Mdomo ukatangulia, kwa mazoea.

"Jifunze, mwanangu."

Hapo ndipo harufu ilipomfikia.

Karafuu maiti, ile ya kuoshea wafu.

Kijana akainama, akalaza sikio kifuani pa Ruwaida. Akasikiliza. Akasikiliza... Wodi nzima ikanyamaza, hata kikohozi.

"Mbona umempa?" Ruwaida alinong'ona.

Ibrahimu akamkamata kijana begani. Mkono ukapita, ukashika shuka.

"Sista! Mwanafunzi wenu..."

Sista Anyelwisye alikuja mbio. "Mwanafunzi gani, baba? Wote wako kwenye mtihani tangu mchana."

Akagusa shingo ya Ruwaida, akapaza sauti kuita wenzake. Wakaja na oksijeni, wakamkandamiza kifua kwa zamu, jasho likiwatiririka. Hawakukata tamaa upesi.

"Moyo ulikuwa umechoka sana, mzee," bingwa alisema mwishowe. "Pole."

Ibrahimu aliitikia. Alitaka mno kuamini. Lakini juu ya shuka, pale kifuani, palikuwa na alama ya maji, ukubwa wa sikio.

Kesho yake, gari lililobeba maiti kurudi Mafinga likipita Igawa, Amna alimshika mkono.

"Baba, wewe ulikuwepo. Mama alisema nini mwisho?"

Wachuuzi walikuwa wakigonga vioo, wakinyanyua vitunguu na mchele. Ibrahimu aliwatazama mpaka wakabaki nyuma.

"Alikusalimu."

Amna akalia, akamshukuru. Alimshukuru tena na tena, hadi Makambako.