Mikono Miwili ya Kushoto

Msichana waliyemwita Sindano alisukuma mkasi kwa mara ya mwisho, na kipande cha kitambaa kikaachana na kingine. Alikiinua juu ya meza kama bendera. Lilikuwa joho la mwongozaji wa kwaya, la kuvaliwa keshokutwa Jumapili, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukabidhiwa mkasi mkubwa wa shangazi yake, fundi cherehani. Shangazi alimpa kwa sharti moja: "Anayeshika mkasi wangu husema kweli juu ya kitambaa cha watu."

"Tazama mikono hii ya joho," Sindano alimwambia binamu yake. "Hata wewe ungepiga makofi."

Binamu, mtoto wa shangazi, alikuwa akipiga pasi pembeni. Walimwita Mzee kwa sababu hakusema neno bila kukohoa kwanza. Akakohoa. "Nitapiga ikishavaliwa," alisema, akatoka kwenda kuongeza makaa kwenye pasi.

Sindano akalaza vipande viwili sambamba. Tabasamu lake likatoweka. Kitambaa kile kilikuwa na upande unaong'aa na upande uliofifia. Baada ya kukata mkono wa kwanza, alipaswa kugeuza karatasi ya kipimo ndipo akate wa pili. Hakuigeuza. Alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto, na kitambaa cha aina ile kilikuwa kimekwisha dukani.

Alitazama mlangoni, akausukuma mkono mmoja wa joho chini ya kikapu cha mabaki ya vitambaa.

Shangazi aliingia na vifungo vya joho. Alitazama meza kwa muda. "Mkono wa kulia uko wapi, mama?"

"Sijui, shangazi. Labda Mzee ameuunguza na pasi, akaona haya kusema."

Mzee alikuwa ndiyo kwanza anarudi na pasi yake. Safari hii hakukohoa. "Mimi tena?"

Shangazi aliviweka vifungo mezani polepole. Hakupandisha sauti. "Sindano, Jumapili iliyopita mlifundishwa habari za nani?"

"Adamu na Hawa."

"Mungu alipomuuliza Adamu, alijibuje?"

"Alisema ni mwanamke aliyempa tunda."

"Na mwanamke?"

"Alisema ni nyoka."

"Haya. Mzee ameshatajwa. Huyo nyoka tumsubiri, au anachelewa?"

Mzee aliangua kicheko. Sindano naye alitaka kucheka, lakini yaliyotoka yalikuwa machozi. Aliinama, akauvuta mkono wa joho kutoka chini ya kikapu, akauweka mezani.

"Nimekata yote ya kushoto. Mzee hajagusa kitu. Nisamehe, shangazi. Mzee, nisamehe."

"Nilipoingia niliona ncha yake ikichungulia," shangazi alisema. "Niliuliza ili upate nafasi ya kusema mwenyewe. Hata kule bustanini, Mungu hakuuliza 'uko wapi' kwa kuwa amepotewa na mtu."

"Sasa utaninyang'anya mkasi?"

"Nitauchukua." Shangazi aliutundika kwenye msumari wake. Sindano aliufuata kwa macho mpaka ulipotulia ukutani. "Ulisema uongo juu ya kitambaa cha watu, tena ukambebesha mwenzio. Nikisema si kitu, nitakuwa sijakupenda. Lakini keti hapa karibu. Wale wawili walijishonea nini walipoona aibu?"

"Majani."

"Majani! Jua likichomoza yamekauka, wanabaki vilevile. Mungu aliwahukumu, akawatoa bustanini. Hakurudi nyuma katika hilo. Ila kabla hawajatoka, yeye mwenyewe aliwatengenezea mavazi ya ngozi, akawavika. Mimi kila nikikaa kwenye cherehani hii nalikumbuka hilo, na sioni kazi kubwa kuliko yangu."

Alisema hivyo huku amenyoosha mgongo, na Sindano akamwona mrefu kuliko siku zote.

Mzee akakohoa. "Kesho nitawaambia wanakwaya wote. Mikono miwili ya kushoto!"

"Hutawaambia," shangazi alisema. "Kaini alimuua ndugu yake, akaadhibiwa kuwa mtu wa kutangatanga. Hata hivyo Mungu alimtia alama, mtu asimguse. Huyu wangu hajaua mtu." Akachukua kipande cha chaki, akamtia Sindano kiganjani. "Mkasi hutaushika mpaka nione unasema kweli. Chaki ni yako. Kuanzia leo, kila kitambaa kikiingia humu, wewe ndiye wa kutia alama upande wake wa juu."

Sindano alikunja vidole juu ya chaki.

Walimwaga mabaki yote mezani. Sindano alitia alama upande unaong'aa wa kila kipande, shangazi akachagua, akakata, akaviunganisha kwa mshono wa katikati. Mkono wa kulia ukaanza kuonekana. Juu ya mshono wangeweka utepe mweupe, na mkono wa kushoto nao ungepata wake, ili joho liwe na pambo.

"Litapendeza kuliko la mwanzo," Mzee alisema, akamsogezea Sindano pasi yenye moto.

Jioni ilipoingia, mkono wa kulia ulikuwa umeshikizwa kwa uzi wa muda tu. Shangazi aliligeuza joho, akalitazama mshono kwa mshono.

"Alama zako zimenyooka, fundi," alisema. "Kosa likihukumiwa kwa haki na mtu akasitiriwa, hurudi kazini. Utepe tutauweka kesho."

Alikuwa hajawahi kumwita fundi. Sindano aliilaza chaki juu ya joho, mahali pa kuanzia asubuhi.