Vidole vya Naima

Mlango mdogo wa chuma ulibamizwa. Komeo likaingia.

Giza.

Naima Halfani alipapasa. Chuma kushoto, chuma kulia. Walikuwa wamemtupa ndani ya tangi la mvinyo, refu kama nyumba lakini jembamba, tupu, likinuka zabibu zilizochacha. Nje, jua la mchana la Dodoma lilikuwa likilichoma tangi lote. Ndani palikuwa tanuri.

Miaka tisa ya ujasusi, na hakuwahi kufungiwa mahali padogo hivi.

Bastola yake, Glock, walikuwa nayo wao. Simu hawakuipata nzima. Aliiponda kwa kisigino kabla hawajamshika.

Ndiyo maana alikuwa bado hai.

"Dada Naima." Sauti ya Yoramu, mkuu wa genge, ilipenya ukutani, haina haraka. "Tunataka dole gumba lako tu. Tuihamishie laini yako kwenye simu yetu, tutume ujumbe mmoja, uende zako."

Uongo mtupu.

Vijana wa Yoramu walikuwa wamepiga mahema kijijini Mlali, wakidai wanaandikisha wakulima wapewe mbegu za alizeti. "Mashine imekataa, mama, weka dole tena." Ile mara ya pili ndiyo iliyowaponza watu. Kwa alama hiyo ya kidole genge lilihamisha laini ya mkulima, na pamoja na laini, akiba yake yote.

Bibi Anyesi, mjane wa hapo Mlali, ndiye aliyemweleza Naima. Simu yake ilizimika asubuhi. Kufika jioni hana kitu, tena anadaiwa mkopo asioujua.

"Wamenivaa kama nguo, mwanangu," alisema.

Leo malipo ya alizeti ya wilaya nzima yalikuwa yaingie kwenye simu za wakulima. Mkuu wa Naima, mzee Bartolomayo, aliyashikilia kutoka ofisini kwake Mtumba, akisubiri maneno mawili kutoka kwenye laini ya Naima ndipo ayaachie.

*Shamba salama.*

Maneno hayo Yoramu alishayanasa. Alichokosa ni laini.

"Fikiri vizuri," Yoramu alisema. "Narudi na mashine. Ukikataa, kisu kipo."

Hatua zikaondoka.

Naima alivuta pumzi. Hewa ilikuwa nzito, haishuki kifuani. Kuta zilikuwa kama zinasogea. Akazisukuma kwa mikono miwili, kipumbavu, huku akijua hazitasogea. Viganja vikakwaruzika.

Akatulia.

Akapapasa tena, polepole. Chuma kilikuwa na utando mgumu ulioachwa na mvinyo, wenye chembe kali kama chumvi ya mawe.

Akaelewa la kufanya.

Aliuma ukosi wa shati, akakandamiza dole gumba ukutani, akaanza kusugua. Ngozi ikachubuka. Machozi yakamtoka. Akaendelea. Kidole baada ya kidole, hadi ukuta ukateleza kwa damu.

Komeo likalia. Mwanga ukamchoma macho. Adamu, mlinzi wa Yoramu, alisimama nje na bastola aina ya Beretta mkononi. Yoramu alichuchumaa mlangoni, akapenyeza mashine.

"Dole."

Akaweka.

Taa nyekundu.

"Tena."

Nyekundu.

"Kingine!"

Nyekundu.

Yoramu aliingiza kichwa na mabega, akamkamata kifundo cha mkono, akakigeuza kiganja.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimejifuta."

Naima alimkamata tai shingoni, akavuta kwa nguvu zote. Paji la uso la Yoramu likagonga chuma. Adamu hakuwa na pa kupiga. Mwili wa bosi wake ulikuwa umeziba mlango. Naima aliiona Glock yake kiunoni mwa Yoramu. Akaichomoa, ikataka kumponyoka, akafyatua kupitia chini ya kwapa la mateka wake.

Risasi ikalivunja goti la Adamu. Beretta ikaruka vumbini.

Alimsukuma Yoramu, aliyeduwaa kwa pigo, akatambaa nje akikohoa. Simu ya Yoramu, Samsung, ilitaka sura ya mwenyewe. Akamwinua kwa nywele, akamwonyesha kioo. Ikafunguka, akampigia mkuu wake kwa namba aliyoikariri.

"Nani?" aliuliza Bartolomayo.

"Shikamoo, mzee. Naima. Usiyaachie malipo, hata ukipata ujumbe wangu."

"Namba hii siijui. Sauti siyo. Nitajuaje ni wewe?"

Naima alifumba macho. Laini hana. Vidole hana. Sauti imekauka.

"Huwezi kujua. Basi usiniamini. Usimwamini yeyote atakayejiita Naima leo. Yashikilie, halafu tuma watu kwenye shamba la zabibu, njia ya Hombolo, wajionee wenyewe."

"Sitayaachia," alisema mzee. "Kama ni wewe, mwanangu, kaa hapo hapo."

Polisi walipofika, Yoramu na Adamu walikuwa wamefungwa kwa waya wa mizabibu. Bartolomayo akapiga simu: laini zote zilizoibwa zimefungwa, kila mkulima atarudishiwa yake akijitokeza mwenyewe, na mkopo wa Bibi Anyesi umesimamishwa.

Getini, koplo mmoja alimzuia Naima, kifaa cha alama za vidole mkononi.

"Weka kidole, dada. Tuthibitishe wewe ni nani."

Naima alimwonyesha mikono iliyoviringishwa kitambaa chekundu kwa damu.

"Njoo mwezi ujao, afande. Alama zitakuwa zimeota."

Akampita, akashika njia katikati ya mizabibu, bila kugeuka.