Taa ya Gari la Shangazi

Kila alasiri, akishavua sare za shule, binti wa fundi aliingia gereji na kukaa ndani ya gari bovu, mashine ya kupimia ikiwa mapajani. Baba yake aliijua injini kwa sikio na kwa pua, ila macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Herufi ndogo za mashine aliziona kama sisimizi tu. Basi binti ndiye aliyemsomea namba za hitilafu. Mafundi wakamwita Injinia, na jina hilo likampanda kichwani.

Sheria ya baba ilikuwa moja: "Soma, andika daftarini, usifute kitu mpaka nikague mwenyewe."

Siku moja baba alikuwa ametoka kununua spea. Shangazi akaingia na gari lake la kusambazia mikate, taa ya injini ikiwaka njano.

"Injinia wangu, hii taa imenikodolea macho tangu asubuhi! Kaka yuko wapi?"

"Ametoka, shangazi. Ngoja nipime."

Akachomeka mashine. Ikaleta namba na maelezo yake: hitilafu kwenye waya wa feni ya kupoza injini.

"Ni jambo kubwa? Mwenye tanuri ananingoja, na ulimi wake ni wembe."

Injinia hakujua kama ni kubwa au dogo. Angeweza kusema, "Sijui, tumngoje baba." Lakini Injinia gani hajui? Akabonyeza kitufe cha kufuta. Taa ikazimika.

"Tayari, shangazi."

"Hee! Baba yako angeniweka hapa mpaka jua lizame." Akacheka, akawasha gari, akaenda zake. Daftarini hakikuandikwa kitu.

Kesho yake gari lilirudi likivutwa kwa kamba. Lilikuwa limechemka katikati ya foleni. Baba akafungua injini, akakuta silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda kwa joto.

"Feni haikuzunguka," akamwambia dada yake. "Taa lazima iliwaka. Iliwaka, haikuwaka?"

Shangazi akamtazama Injinia. Akamwona mtoto anarudi nyuma ya gari bovu.

"Labda sikuiona, kaka."

"Hukuiona! Taa iko mbele ya pua yako! Umeua gari kwa uzembe, halafu unaniletea mzoga niufufue?"

Shangazi akainamisha kichwa. Kumwona mtu mzima akitukanwa kwa kosa lisilo lake kulimchoma Injinia kuliko kiboko.

"Baba, iliwaka. Mimi niliifuta. Shangazi ananifichia."

Baba akaweka spana chini. Akamwomba dada yake radhi kwa sauti ndogo, kisha akamwita binti karibu. Akamwonyesha waya wa feni uliosagwa na chuma mpaka ukakatika. Akauunga, akaufunga utepe. Feni ikavuma.

"Dakika kumi," alisema. "Hizo ndizo ulizomnyima shangazi yako. Ile taa ilikuwa inamwita fundi. Ukaiziba mdomo, na gari halikuwahi kuiwasha tena kabla injini haijaungua."

Kutengeneza injini kulichukua wiki tatu. Mwenye tanuri hakungoja hata moja. Mikate akampa mtu mwingine. Siku gari liliponguruma tena, shangazi alikuja kulichukua, lakini safari ya kwenda halikuwa nayo.

"Shangazi, nisamehe," Injinia alisema, machozi yakimtoka.

"Nilishakusamehe siku ileile, mwanangu. Lakini msamaha wangu haunirudishii kazi." Akaketi nyuma ya usukani, mikono mapajani. "Kutojua si aibu. Ungeniambia hujui, ningenuna siku moja tu, halafu ningefanya kazi mwaka mzima."