Nembo ya Zambarau na Chungwa

"Mama, nembo yenyewe ndiyo hii?"

Kevina aliuliza akiwa ameishikilia fulana juu ya cherehani yake ya tarizi. Saado, mfanyabiashara wa Kisomali aliyekuwa anafungua duka kubwa la nguo, vyombo na manukato pale Malakia, mjini Juba, akacheka.

"Ndiyo hiyo, binti yangu. Kikapu cha zambarau, mishikio miwili ya rangi ya chungwa imepishana. Kibao cha duka na sare za wafanyakazi, vyote vifanane."

"Si ulitaka kijani na nyeupe?"

"Nilitaka! Wallahi nimegombana na huyo mchoraji, mchumba wako, mpaka nimechoka. Norman akakataa kabisa. Akasema, Mama, hizi ni rangi za harusi yangu, zitakuletea bahati. Sasa mimi ni nani nikatae bahati ya maharusi?"

Saado akavuka barabara kurudi dukani kwake. Kevina akaitazama tena ile nembo. Kwao Uganda rangi za harusi huchaguliwa hata kabla ya keki, na bibi harusi ndiye mwenye neno la mwisho. Zake alishazichagua: buluu na fedha. Norman mwenyewe alizikubali, tena kwa mabusu.

Akaandika ujumbe: "Mpenzi, mbona nembo ni zambarau na chungwa? Harusi yetu si buluu na fedha?"

Jibu likaja upesi mno.

"Ai Kevina, nilisahau tu. Rangi ni rangi."

Norman huyu huyu, aliyewahi kufuta bango zima kwa sababu wekundu ulipauka kidogo, leo anasema rangi ni rangi? Jamani, hapo pana jambo.

Alishona hivyo hivyo, maana kazi ni kazi. Fulana ya kwanza ilipokamilika akaipiga picha, akaiweka kwenye status ya WhatsApp kutafuta wateja kama kawaida yake. Hata hajaikunja, simu ikaita. Ni Josline, binamu yake aliyeko Gulu, kule Uganda.

"Dada Kevina! Kumbe ni wewe unashona nguo za Annet?"

"Annet gani?"

"Annet wa kanisani kwetu! Mimi iko kwenye kamati ya harusi yake, Jumamosi hii. Rangi ni hizo hizo, na hicho kikapu iko juu ya keki! Bwana harusi alichora mwenyewe. Huyo Apollo iko fundi kabisa."

"Apollo nani?"

"Apollo Norman. Anachora mabango huko huko Juba. Humjui?"

Jioni ile Norman alikuwa apande basi la Gulu, eti kununua rangi.

"Josline, huyo Annet yuko wapi sasa hivi?"

"Hapa, anajaribu gauni."

"Mpe simu."

Sauti nyororo ikasema, "Hallo? Nani mwenzangu?"

"Naitwa Kevina. Dada yangu, nakuomba usikate wala usiseme kitu. Sikiliza tu."

Akavuka barabara na simu mkononi. Norman alikuwa juu ya ngazi, anakaza kibao kipya juu ya mlango. Chini yake Saado na wafanyakazi wake walikuwa wanakisifu.

"Norman, shuka."

"Ngoja nikaze hii kwanza, mpenzi."

"Basi nijibu huko huko juu. Gulu unakwenda kufanya nini?"

"Si nilikwambia? Kununua rangi."

"Na Annet ni nani?"

Spana ikamponyoka, ikaanguka karibu na miguu ya Saado.

"Ni... ni mteja tu, Kevina. Nilimchorea kadi. Yule si kitu kwangu. Mke wangu ni wewe, haki ya Mungu."

Kevina akainua simu juu, akaongeza sauti hadi mwisho.

"Umesikia, dada?"

"Nimesikia." Annet alikuwa analia. "Apollo, mimi hapa nimevaa gauni."

Norman akaikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili.

"Kalas, basi," Saado akasema kwa sauti ya chini. "Kibao changu kitolewe."

Kevina hakumtazama tena yule mwanamume. Alivua pete, akaiweka kwenye kidato cha chini cha ngazi, akamrudia mwenzake kwenye simu.

"Livue hilo gauni, dada. Mimi pete yangu nimeshaivua."