Taraska wa Mto Mbaka

Jua lilikuwa linazama upande wa Malawi wakati Katekista Ambrose alipomtuma Angetile akaichukue picha ya Mtakatifu Marta kabla mto haujaibeba.

Ilikuwa kazi ya kawaida tu. Kigango cha zamani, kanisa dogo la kijiji, kilijengwa karibu mno na Mto Mbaka, na masika ya mwaka ule yalikuwa yanamega ukingo kidogo kidogo. Benchi zilishahamishwa. Kengele ilishahamishwa. Ilibaki picha. Ambrose angeifuata mwenyewe, lakini homa ilikuwa imemlaza, anatetemeka chini ya blanketi.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiifuta vumbi, mwanangu," alisema. "Nenda upesi, giza lisikukute mtoni."

Angetile akajibu ndiyo. Siku hizo alijibu ndiyo kwa kila kitu.

Tangu mto umchukue Tusekile, mwanawe wa pekee, mtoto wa darasa la pili aliyekwenda kuchota maji ikaonekana ndoo tu inaelea, Angetile hakuwa amelia. Waombolezaji walimsubiri alie, wakachoka kusubiri, wakaenda zao. Wali aliutafuna kama anayetafuna karatasi. Mumewe, Hezroni, yeye alikuwa na hasira, na hasira ilimshika mkono. Kila jioni alikaa njia panda na wanaume wenzake, panga mapajani, akisema mle mtoni mna kitu, na iko siku kitatoka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Ipinda yalijaa mitumba, betri na sabuni za kila rangi. Lakini kwa habari ya mto hakuna aliyekuwa na jipya. Wengine walisema ni mamba wa kutumwa, wakaanza kuwataja wazee wa watu kwa majina. Ambrose peke yake alikuwa na jina jingine. Aliliita Taraska.

Jina hilo aliliacha Padre Justini, Mfaransa, aliyeichora ile picha kwenye ubao kabla hajarudi kwao. Kwao, alisimulia Padre, palikuwa na mto mkubwa, na ndani yake joka lenye kichwa cha simba, gamba la kobe lenye miiba, na miguu sita. Lilikula watu. Akaja Marta, mwanamke asiye na silaha, akalinyunyizia maji ya baraka, akalifunga shingoni kwa mshipi wake. Likamfuata mpaka mjini kama mbuzi. Na watu wa mji walipoliona limetulia hivyo, wakalipiga mawe mpaka likafa. Halikujitetea. Baadaye mji wote ukajiita kwa jina la joka hilo. Padre kila alipofika hapo alikuwa akishusha sauti, kana kwamba alikuwapo.

Angetile alipita katikati ya mashamba ya mpunga, akakatiza kwenye migomba, akafika.

Mlango wa kigango ulikuwa wazi. Ndani palinuka matope na samaki wa jana. Mto ulisikika chini ya sakafu, unanong'ona… unanyamaza… unanong'ona tena.

Akaitoa picha msumarini. Mwanga uliobaki dirishani ulimtosha. Marta alikuwapo, na kitambaa chake cha buluu kichwani, na mshipi mkononi. Lakini mshipi uliishia hewani. Pale lilipokuwa joka palikuwa na ubao mtupu, umelowa.

Rangi imebanduka, alijiambia. Unyevu wa masika.

Akaugusa ubao. Ulikuwa na uvuguvugu.

Hakushtuka. Kushtuka kulishamtoka siku ile ya ndoo. Akaibana picha kwapani, akatoka nje, na pale nje, kati yake na njia, kile kitu kilikuwa kimelala.

Giza la jioni lilikificha nusu. Aliona mgongo mkubwa, wa duara, wenye miiba, na maji yakichuruzika kati ya miiba. Aliona macho mawili, chini, karibu na ardhi. Kilikuwa kinapumua kama mtu aliyetoka kulia. Na juu ya harufu ya matope ikaja harufu nyingine, nyepesi, ya mafuta ya mgando, yale anayopakwa mtoto asubuhi kabla ya kwenda shule.

Angetile aliweka picha chini. Akafungua khanga yake ya juu, akaizungusha kwenye ile shingo iliyolowa, akafunga fundo moja. Kitu kikainamisha kichwa ili afunge vizuri.

"Twende nyumbani," akasema.

Hakuwa na maji ya baraka. Hakusali. Hata mpango hakuwa nao. Alikuwa anakwenda nyumbani, na kile kilikuwa kinamfuata, basi. Nyuma yake alisikia kucha kwenye kokoto. Kwaru… kwaru… kwaru… Miguu mingi, mizito, inayojitahidi. Vyura walinyamaza walipopita, kisha wakaanza tena nyuma yao.

Walipofika kwenye migomba, khanga ikavutika kidogo.

"Juba…"

Ndivyo Tusekile alivyomwita mama yake, kama watoto wote wa Kinyakyusa.

"Juba, polepole. Miguu inaniuma."

Angetile hakugeuka nyuma.

Akapunguza mwendo.

Wakaenda hivyo, taratibu, mpaka zikaonekana taa za njia panda. Wanaume walikuwa wanangoja lori la mpunga. Pembeni ya barabara palikuwa na rundo la mawe yaliyoletwa kwa ajili ya kutengeneza daraja. Muksini mwenye duka ndiye aliyeinua karabai aone nani anakuja. Akaiinua, na mkono wake ukabaki juu.

Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama mmoja mmoja. Hezroni alitangulia mbele, akaliacha panga chini, akaokota jiwe.

"Angetile," alisema kwa sauti ya chini, "sogea."

Khanga ikavutika tena mkononi mwake. Kile kitu hakikuwa kinakimbia. Kilikuwa kinamsogelea, kinajibana kwenye miguu yake, kama mtoto anavyofanya mbele ya wageni.

Neno lilikuwepo. Angetile alilihisi kooni, neno dogo tu, la kuwaambia wangoje. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Ndani yake mlikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Akaiachia khanga.

Akasogea.

Mawe yalichukua muda. Kitu hakikung'ata, hakikupiga mkia. Kilijikunja chini ya gamba lake, na gamba lilipopasuka kikabaki kimejikunja vilevile. Alisikia "juba" tena, lakini si kwa sauti ya kuomba. Ilikuwa kama mtu anayeuliza uko wapi, gizani, akijua hupo mbali.

Kisha ikawa kimya, na wanaume wanahema.

Mtu akamrudishia khanga yake mkononi. Ilikuwa imelowa, nzito.

Asubuhi bwana nyamapori alikuja na pikipiki kutoka Kyela. Akakizunguka mara moja, akasema ni mamba, mamba mzee sana, ngozi imeota miiba kwa uzee. Na kweli, mchana ule kilikuwa na miguu minne, na kichwa cha mamba. Wanaume waliitikia kwa kichwa. Wakakipasua tumbo wakitafuta bangili au kipande cha nguo. Wakakuta matope na kokoto za mto.

Muksini hakuwamo kati yao. Alikuwa ameshika taa usiku ule, alikuwa ameona kuliko wengine. Hakufungua duka siku ile, wala iliyofuata. Kabla mpunga haujavunwa alikuwa amehamia Kyela mjini na mkewe Samira, na aliyemuuliza sababu aliambiwa biashara ya Ipinda imepoa.

Ambrose, homa ilipomwachia, alikuja akaketi jikoni kwa Angetile.

"Ulimnyunyizia maji, mwanangu?"

"Hapana."

"Ulisali?"

"Hapana, baba."

Mzee akasukuma kuni motoni. "Sasa alikufuata kwa nini?"

Angetile akamwongezea chai. Ambrose akainywa, akaenda zake. Picha yenyewe, aliyoiacha chini pale kigangoni, haikuonekana tena. Usiku ule wa mawe ukingo ulimeguka, kigango kikaingia mtoni chote, na msalaba wake.

Kuanzia hapo Mbaka ulitulia. Masika yakapita bila msiba. Wanawake wakarudi kufua kwenye mawe, watoto wakarudi kuchota maji. Watu walimletea Angetile mchele mpya, ndizi, hata kuku. "Ndaga fijo," walimwambia, wakimshika mkono kwa mikono miwili, asante sana, umetuokoa. Akapokea. Akapika. Akala. Wali ulikuwa bado karatasi.

Aliyebadilika ni Hezroni. Mwanzoni alitembea kama mtu aliyetua mzigo, akasimulia vilabuni, akaonyesha mkono uliorusha jiwe la kwanza. Kisha akaacha kusimulia. Akaacha kupita njia panda; kwenda shambani alizunguka nyuma ya mashamba ya watu. Usiku alilala macho wazi. Angetile alimsikia, akadhani ni ile hasira, imekosa pa kwenda.

Jioni moja walikuwa wanakula, mvua nyepesi imeanza kugonga bati. Hezroni akaacha tonge kwenye sahani.

"Mama Tusekile," akasema.

Hakuwa amemwita hivyo tangu msiba. Hakuna aliyekuwa anamwita hivyo. Angetile akainua uso.

Mumewe hakumtazama. Alikuwa anatazama mlango, na sauti yake ilitoka ndogo, ya kunong'ona, kama anaogopa kusikiwa nje.

"Siku ile ya mawe… mimi aliniita baba. Wewe alikuitaje?"