Soksi Aliyoipanua Fundi

Mimi na mume wangu ni mafundi cherehani. Chumba cha mbele tunashonea, cha nyuma tunalala. Wateja humwita mume wangu Bwana Nafasi, kwa sababu hajawahi kushona nguo ikambana mtu. Mpelekee kitambaa cha suruali, atakuachia nafasi ya kunenepa wewe na ndugu yako.

Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Waliondoa na tezi za kwapani. Nilipona, namshukuru Mungu. Lakini baadaye mkono wa upande ule ukaanza kuvimba.

Mume wangu akafanya nini? Akafumua blauzi yangu, akaongeza kipande cha kitambaa mkononi. Mkono ukazidi kuvimba, akaongeza kingine. Hadi nilipokwenda hospitali, tulikuwa tumeshagombana vya kutosha.

Hospitali walinipa mazoezi, pamoja na soksi ya kubana ya kuvaa mkononi. Asubuhi iliyofuata nikaivaa. Haikubana hata kidogo.

"Umeifanya nini soksi yangu?"

"Ilikuwa inakubana, mke wangu. Nimeifumua pembeni, nimetia kipande laini. Sasa mkono unapumua."

Jamani.

Hakuishia hapo. Mazoezi akakataza. Kufua akakataza. "Tulia, mkono upumzike," kutwa nzima. Kisha akaifunika cherehani yangu kwa shuka. Akasema amempata mtu wa kuichukua Jumamosi. Hapo yalinifika shingoni. Cherehani ile ndiyo kazi yangu, nimeikalia tangu usichana.

"Kesho tunakwenda hospitali wote," nikamwambia. "Ukasikie kwa masikio yako."

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mama mmoja mcheshi. Aliigeuza soksi ndani nje.

"Nani ameshona hii?"

"Mimi," mume wangu akajibu, tena kwa fahari.

"Umeshona vizuri sana. Umeiharibu."

Siku ile daktari alikuwa amepanga nipigwe picha ya njia za limfu. Mpiga picha alinidunga dawa kidogo katikati ya vidole. Alisema dawa hiyo husafiri na limfu, na kamera huiona inakopita. Picha ya kwanza nilitulia. Kisha yule mama akanipa mpira laini, nikaufinya na kuuachia kwa muda. Wakapiga ya pili.

Mume wangu alisogeza pua mpaka kwenye kioo cha kompyuta. Katika picha ya kwanza, dawa ilibaki kiganjani kama doa la wino. Katika ya pili, ilikuwa imepanda hadi juu ya kiwiko.

"Mbona imetembea?" akauliza.

"Limfu ni maji ya mwilini," yule mama akaeleza. "Damu inasukumwa na moyo. Limfu inasaidiwa sana na misuli, ikikaza na kulegea. Mkeo ametolewa tezi, kwa hiyo njia zimepungua. Akikaa bure, maji nayo yanakaa."

"Na kubana kote kule?"

"Soksi inaushikilia mkono ili msuli usukume vizuri. Ndiyo maana tunampima. Ikilegea, haina kazi. Vidole vikifa ganzi, arudi tumpime upya. Afanye mazoezi akiwa ameivaa, aanze polepole. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au akipata homa, aje siku hiyohiyo."

"Na cherehani?" nikauliza mimi.

"Shona. Pumzika kidogo, nyoosha mkono, endelea. Vaa subana kidoleni, sindano isikuchome."

"Atapona?" mume wangu akauliza, kwa sauti ya chini sasa.

"Kupona kabisa siwezi kukuahidi. Uvimbe kupungua, inawezekana."

Walinipa soksi nyingine. Niliificha mbali na mkasi wake. Jumamosi yule mtu alikuja kuchukua cherehani, akanikuta nimeikalia. Akaaga.

Nilifanya mazoezi kila asubuhi. Bwana Nafasi alisimama pembeni, futi ya kupimia imening'inia shingoni, akinikumbusha kuvuta pumzi kama vile nimesahau. Taratibu mkono ukapungua. Mkono wa blauzi yangu ukaanza kupwaya.

"Lete nikupunguzie," akasema.

"Weka hapo mkasi."

Nilifumua vipande vyake kimoja kimoja, nikapiga mshono mwenyewe, nikavaa. Akanizunguka, akashika kitambaa karibu na kiwiko.

"Hukuacha hata nafasi kidogo."

"Ya nini?" nikamwuliza.