Panya Chini ya Banda

Asubuhi hiyo fundi cherehani alifungua banda lake la kuku, akatia mkono kwenye kiota. Akatoa ganda tupu. Yai lilikuwa limetobolewa na kuliwa lote. Akatia mkono tena, akatoa ganda jingine.

"Mijizi!" alipiga kelele. "Mijizi isiyo na haya!"

Kuku hawakumjali. Walimpita miguuni wakigombania njia. Fundi aliwatazama kwa uchungu, maana kuku wale walikuwa tegemeo lake. Siku hizi macho yake yalimchezea shere. Kutia uzi kwenye sindano kulimtoa jasho, na wateja walinung'unika kwamba mishono yake inakwenda upogo. Mayai ndiyo yaliyoziba pengo. Bila kuku, hakujua angeshika wapi.

"Najua wanakotoka," alisema, akikodolea macho ua uliomtenga na jirani yake. "Ni huyu na bustani yake. Anafuga panya, halafu anawaleta kula kwangu!"

Huyo jirani aliitwa Mama Ghala. Alikuwa amefanya kazi kwenye ghala la nafaka mpaka alipostaafu. Sasa alilima viazi nyuma ya nyumba yake, na alimlea mjukuu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Matusi ya fundi aliyasikia kila asubuhi. Alikuwa hajibu.

Fundi aliamini kwamba yeye ni mfugaji hodari. Kila jioni, kabla ya kufunga banda, alijaza chakula kwenye chombo mpaka kikafurika.

"Kwangu halali mtu na njaa," alipenda kusema, "na kuku ni watu wa nyumbani."

Gunia la pumba lilisimama wazi kando ya banda. Mumewe, ambaye ni mwokaji, alileta mikate iliyokauka na kuimwaga karibu na ua ili kuku wadonoe wakitaka. Chini ya banda, fundi alikuwa amesukumia viroba vya vitambaa vilivyobaki kwenye kazi yake, ili upepo usiwapige kuku. Jambo hilo alilionea fahari sana.

Jioni mwokaji alirudi na pakiti ya sumu.

"Leo nawakomesha," alisema. Alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akapaka sumu kwenye vipande vya mkate, akavitupa chini ya banda na kando ya ua. "Kuku wamefungwa. Alfajiri nitaviokota vilivyobaki."

"Una hakika?"

"Mke wangu, panya nawajua mimi. Mwokaji gani asiyewajua panya?"

"Basi usiwaambie wateja wako," fundi alimjibu.

Alfajiri mwokaji aliamka amechelewa. Alifungua banda mbiombio, akakimbilia kazini. Vipande vya mkate alivisahau.

Fundi alikuwa ananawa uso aliposikia kelele. Mama Ghala aliingia uani kwa kishindo. Kwapani alimbeba mjukuu wake, na mkono wa pili ulishika kipande cha mkate kilichofungwa kwenye mfuko.

"Hiki ni nini?" aliuliza. Alikiinua mbele ya uso wa fundi. "Nimekikuta mkononi mwa mtoto, kimepakwa sumu ya panya! Panya wamekiburura mpaka kwangu. Kilikuwa kinakwenda mdomoni!"

Fundi alimkimbilia mtoto. "Amekula?"

"Nimewahi. Nimemwosha mikono na mdomo kwa sabuni. Lakini nampeleka zahanati wamwangalie. Nipe pakiti ya hiyo sumu, daktari aione ni ya aina gani. Haraka!"

Fundi aliileta mbio. Mama Ghala aliinyakua.

"Nikirudi, mimi na nyinyi tuna maneno," alisema, akaondoka.

Fundi alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akawarudisha kuku ndani, akaokota kila kipande alichokiona. Chini ya banda alimkuta kuku wake bora, yule aliyetaga karibu kila siku. Alikuwa amekufa. Fundi alikaa chini akalia kwa hasira. Hakujua amkasirikie nani kwanza.

Mchana mwokaji alirudi, akamtazama kuku yule.

"Ni mnene huyu," alisema. "Labda bado anaweza kuingia chunguni."

"Chunguni?" Fundi aliruka. "Mtoto wa watu amekoswakoswa na sumu yako, na sasa unataka kuila na wewe? Chukua jembe! Kachimbe shimo refu!"

Mwokaji alikuwa anafukia shimo hilo Mama Ghala aliporudi. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa nguo.

"Hajambo," alisema. "Lakini sikilizeni. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi. Nikiona panya bado wapo, nakwenda kwa bwana afya. Kuku hawa wataondoka, na sitawaonea huruma."

"Panya wanatoka kwako!" fundi alifoka.

"Kwangu? Viazi vyangu vimetafunwa mpaka nimechoka kulima! Njoo uone wanakolala!"

Mama Ghala alichukua fimbo, akainama, akavuta kiroba kutoka chini ya banda. Kiroba kilipasuka. Ndani yake, katikati ya vitambaa vilivyochanwachanwa laini, vilijikunja vitoto vya panya, vyekundu, bila manyoya. Fundi aliitambua hariri ya gauni aliloshona mwezi uliopita.

"Haya," alisema Mama Ghala. "Wanalalia hariri. Mimi mwenyewe silalii hariri."

Fundi alirudi nyuma hatua moja.

"Panya hakai mahali bure," Mama Ghala aliendelea, bado kwa ukali. "Anakaa penye chakula na pa kujificha. Umempa vyote."

"Chakula nawapa kuku!"

"Gizani kuku anakula? Akishalala haamki mpaka kuche. Sasa kile unachokijaza jioni ni cha nani?"

Fundi alikitazama chombo cha chakula. Alikasirika zaidi kwa kuwa ni kweli.

"Lakini sumu si ingewamaliza?" mwokaji aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ungeua hawa, wangekuja wengine, maana meza ipo. Ghalani kazi ilianzia kwenye ufagio. Na sumu haitupwi ovyo penye mtoto na mifugo. Ikibidi, anaitwa mtaalamu. Vaeni viatu na glavu. Tunaanza sasa."

Walifanya kazi mpaka jua likazama. Mama Ghala alisimama na mjukuu wake mgongoni, akiwaamuru. Mwokaji alipotaka kufagia mavi ya panya, alimzuia.

"Usifagie makavu! Vumbi lake lina maradhi. Lowesha kwanza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu."

Viroba walivichoma pamoja na vilivyokuwamo. Pumba wakaihamishia kwenye pipa la bati lenye kifuniko cha kubana. Rundo la mikate likaondolewa. Majani marefu kando ya ua yakafyekwa. Kisha Mama Ghala akagusa wavu wa banda, akaingiza vidole viwili kwenye tundu.

"Wavu huu unamzuia kuku asitoke. Panya anaingia anavyotaka. Tafuteni wa matundu madogo, usiopitisha hata kidole. Ufukieni chini ya udongo na kuukunja kwa nje, maana panya anachimba. Na banda liinueni juu ya matofali. Chini yake pawe peupe, mtu aone mpaka upande wa pili."

Wavu na banda vikatengenezwa kama alivyosema, kisha mwokaji akatengeneza masanduku ya mbao yenye tundu dogo, akatega mitego ndani yake. Humo kuku wasingefika, wala mkono wa mtoto. Aliyaweka kando ya ukuta, kwa kuwa panya hupenda kupita ukutani. Mashimo yote yakajazwa udongo.

"Kila asubuhi yatazameni," alisema Mama Ghala. "Shimo likifunguliwa, bado wapo."

Siku za mwanzo mashimo yalifunguliwa. Fundi aliyafukia upya huku akitukana, ila safari hii hakumtukana jirani. Asubuhi aliwapa kuku chakula cha kuwatosha siku hiyo. Kabla ya jua kuzama aliokota mayai, akaondoa chombo cha chakula, akakiosha. Kuku walilala matumbo yamejaa, wala hakuna aliyekonda. Panya walionasa mitegoni mwokaji aliwabeba kwa koleo, akawafukia mbali, kisha akanawa kwa sabuni. Baada ya muda mitego ilikaa mitupu. Udongo kwenye mashimo ukakaa kama ulivyowekwa. Kiotani, fundi alipotia mkono, alitoa mayai mazima.

Mwisho wa mwezi Mama Ghala alikuja. Mtoto alikuwa mgongoni. Tangu siku ya sumu hakuwahi kumwacha akanyage uani kwa fundi.

Fundi alisimama amekunja mikono. Maneno alikuwa ameyaandaa, kama angeambiwa habari za bwana afya. Mama Ghala hakumsalimu. Alizunguka ua akibonyeza kila shimo kwa fimbo. Aliinama akachungulia chini ya banda. Alifungua pipa, akalifunga. Alipekua hata nyasi pale alipofukiwa yule kuku.

"Ungeniambia tangu mwanzo," fundi alishindwa kuvumilia. "Ulikuwa unajua yote haya, ukanyamaza!"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila asubuhi ulikuwa na kazi ya kunitukana!"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nilikukosea, Mama Ghala," alisema. "Na mtoto nilimkosea zaidi."

Mama Ghala aliiweka fimbo chini. Alifungua fundo la nguo kifuani, akamteremsha mjukuu wake mgongoni. Akamsimamisha chini, palepale kando ya banda, akamwachia mkono.

Mtoto aliyumba kidogo, kisha akawafuata kuku.